Fundo la Kiti cha Nyuma

Mwezi wa tatu mwaka 2002 Lore Gaiser alikaa siku tisa bila kufanya kazi, na mji mzima ukakosa usingizi. Natia chumvi, lakini kidogo tu. Kwetu Neckarhalden, mji mdogo wa Ujerumani, mtu akilewa Jumapili tunamsamehe, mke akimkimbia mumewe tunamsema wiki mbili halafu tunachoka. Lakini mtu mzima mwenye afya kukaa mchana kweupe, mikono mapajani, tena mahali pa kazi, hilo hatujui tulifanye nini. Sisi ni watu wa kupeana zamu ya kufagia ngazi za jengo kwa wiki, na kibao cha zamu kinatundikwa mlangoni kwako ili usijisahaulishe. Mama yangu alifagia ngazi siku ya mazishi ya baba yangu, kwa sababu kibao kilikuwa kwake.

Kwa hiyo nikikwambia Lore alikaa bure siku tisa, ujue alikuwa ametoa silaha kali kuliko zote alizokuwa nazo.

Mimi ni Eugen Knapp, fundi wa viti mstaafu. Nilikaa meza moja na Lore, uso kwa uso, miaka thelathini na mmoja, katika karakana ya ngozi ya kiwanda cha magari cha Degenhart. Nisipoeleza mimi habari zake wataeleza wale wa ofisini, na wale watamfanya mtakatifu. Lore si mtakatifu. Ni mbishi, ana kinyongo cha muda mrefu, na saladi yake ya viazi ina siki nyingi mno.

Alizaliwa mwaka 1938, nyumba ya tatu kutoka lango la kiwanda. Baba yake hakurudi kutoka vitani. Alipofika miaka kumi na mitano akapata barua ya kukubaliwa karakana ya ngozi, na mama yake akavaa gauni la kanisani, akaichukua ile barua hadi duka la nyama, akanunua soseji mbili ambazo hakuzihitaji, ili tu foleni nzima iione. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kuingia kwa Degenhart. Watoto wetu hatukuwauliza wanataka kuwa nani wakikua. Tuliwauliza wanataka karakana gani.

Mzee Gottlob Degenhart mwenyewe alianza kwa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1902 akafunga injini mahali pa farasi, akabandika korongo wa fedha kwenye boneti, na baada ya hapo dunia ikaja yenyewe bondeni kwetu. Kabla ya vita vya kwanza wafalme watatu walikuwa wamekalia viti vyetu. Wawili wakaja wakapoteza viti vyao vya enzi, ila vile vya Degenhart viliendelea vizuri. Baada ya vita vya pili nusu ya kiwanda ilikuwa kifusi, na kampuni ikawa inatengeneza masufuria na mikokoteni. Sufuria moja bado ninayo, haijavuja. Mwaka 1951 gari la kwanza likatoka tena langoni, na watu wazima wakasimama kando ya barabara wakilia. Baadaye wakaja marais, waigizaji, wenye timu za mpira. Mlango wa Degenhart haubamizwi. Unausukuma kwa kidole kimoja, nao unajifunga kwa sauti ya kitabu kinene kikifumbwa, na wapo watu waliokuwa na kazi ya kusikiliza sauti hiyo tu tangu asubuhi hadi jioni.

Sisi wafanyakazi tuliruhusiwa kununua gari moja kila mwaka kwa bei nafuu ya nyumbani, tukalitumia miezi kumi na miwili, tukaliuza, tukachukua jingine. Ndiyo maana mji wetu ulikuwa na watu wanaokula dengu na tambi siku nne kwa wiki huku wakienda kanisani kwa gari la waziri. Plastiki ya kiwandani hatukuitoa kwenye viti, ili anayekuja kununua asikute doa. Nimeendesha magari ya Degenhart miaka mingi bila makalio yangu kugusa ngozi niliyoishona mwenyewe.

Na katika viti hivyo, kilichotajwa zaidi ni kitu ambacho hukioni. Mshono wa kiti cha nyuma, pale unapoishia chini ya ngozi, hufungwa kwa fundo la namna yake. Uzi unazungushwa mara mbili, unapitishwa chini yake wenyewe, na ukikaliwa unakaza. Kadiri anayekaa alivyo mzito, ndivyo linavyozidi kukaza. Matangazo yaliliita Fundo la Mzee, yaani Mzee Degenhart, na yalisema kwamba tangu kampuni ianze hakuna hata moja lililofumuka. Hilo la kutofumuka ni kweli, mimi ni shahidi.

Hakuna aliyelifunga kama Lore. Mwaka 1974 wakaja wapiga picha kutoka Hamburg, wakaipiga mikono yake ikifunga fundo, na ile picha ikabandikwa vituo vyote vya treni nchini. Mikono yake ilijulikana Ujerumani nzima. Uso wake uliendelea kujulikana na muuza nyama tu. Hakujisifu kwa maneno, kwetu hatufanyi hivyo, lakini tangu mwaka ule alianza kupaka mikono mafuta kila baada ya kuosha vyombo, na mimi nilijua maana yake.

Alifundishwa na Emma Bäuerle, msimamizi wetu wa zamani, mwanamke mkavu aliyekuwa karakanani tangu kabla ya vita. Lore alipomuuliza fundo lile lilitoka wapi, Emma alimjibu, "Ni la Mzee mwenyewe, na usiniulize tena." Alikufa mwaka 1971, na hakuulizwa tena.

Kuna desturi moja lazima niieleze. Mzee Degenhart aliamuru kila mshonaji aandike jina lake kwa chaki upande wa ndani wa ngozi, ili kiti kikirudi na kasoro, mwenyewe ajulikane na aadabishwe. Ilikuwa amri ya ukali. Mafundi wakaigeuza kuwa fahari yao. Waliandika jina, tarehe, hali ya hewa. Wengine waliandika sala, wengine majina ya wapenzi wao. Mwaka 1969 mimi niliandika jina la Lore Gaiser mahali pa langu, ndani ya gari la kijani lililouzwa Ureno. Sikumwambia mtu. Lipo huko hadi leo, kama gari lipo.

Basi, mwaka 2002 kampuni ilikuwa inatimiza miaka mia, sherehe mwezi wa sita. Wakawa wamepata gari refu jeusi la mwaka 1943 ndani ya ghala la mkulima huko Bohemia, wakalinunua kwa ajili ya makumbusho yao. Vijana wa karakana wa sasa wanashona kwa mashine, kwa hiyo tukaitwa wastaafu wawili: Lore na mimi. Aliyetuita ni Bwana Daktari Wenninger, mkuu wa mambo ya kale wa kampuni. Ni daktari wa historia, hawezi kukutibu hata mafua. Alikuwa ameandika kitabu kikubwa cha miaka mia ya Degenhart, na kilikwisha kwenda kwa mchapaji.

Agizo lake lilikuwa ngozi yote ya zamani itolewe na mpya ishonwe kwa mkono, gari liwe kama lilivyotoka langoni siku ile. Huo ndio ugonjwa wetu. Tukiona kitu kizee hatulali mpaka kiwe kipya, na hatuulizi kwanza kilikuwa kinatuambia nini.

Siku ya tatu Lore alifumua kiti cha nyuma. Fundo peke yake lilimchukua asubuhi nzima. Alipoipindua ngozi kutafuta jina la chaki, chaki haikuwepo. Palikuwa na mshono mdogo mweusi, herufi zilizoshonwa kwa uzi, moja moja, ndogo kama chembe za mtama, na si herufi zetu. Akavaa miwani. Akashika ule mwisho wa uzi, akaugeuzageuza.

"Eugen," akasema, "hili ni fundo langu."

Nikamwambia ni la Mzee, kila mtu anajua.

"Mzee alikufa mwaka 1931. Na aliyeshona herufi hizi ndiye aliyeshona kiti hiki. Uzi ni mmoja."

Akazinakili zile herufi kwenye karatasi aliyofungia mkate, akaenda nayo nyumbani. Katika jengo lao kulikuwa na nesi wa Kiukraine, Oksana, aliyemtunza bibi wa ghorofa ya pili. Oksana akasoma palepale ngazini. Liliandikwa jina la mtu, Motria Limar, umri miaka kumi na sita, na kijiji chake, Verbivka, mkoa wa Poltava.

Kesho yake Lore alinieleza jambo ambalo kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kunieleza. Alipokuwa na miaka mitano, kila asubuhi wanawake walipita mbele ya nyumba yao wakitoka kwenye mabanda kwenda langoni, wamefuatana na walinzi, kitambaa cha alama kimeshonwa kifuani. Mama yake alimwambia asitazame. Siku moja msichana mmoja katika wale akamtolea ulimi, kumchekesha, na Lore akacheka. Mama akamzaba kibao. "Nilidhani nimepigwa kwa kucheka njiani," akaniambia. Hakusema yule alikuwa Motria, na mimi sisemi. Walikuwa wengi.

Tukateremka kwenye ghala la kampuni, ambako wametunza viti vya nyuma kumi na kimoja vya miaka mbalimbali. Siku mbili tulipitisha vidole chini ya ngozi. Kiti cha 1911, fundo la kawaida. Cha 1926, la kawaida. Cha 1939, la kawaida. Cha 1943, kile cha juu mezani kwetu, lile letu. Cha 1951 lile letu, na vyote vilivyofuata. Lore akakaa juu ya sanduku. Aliumia, na hakuficha.

"Mikono yangu kwenye vituo vyote vya treni," akasema, "kumbe inaigiza ya mtoto aliyeletwa kwa nguvu."

Tukaenda kwa Daktari Wenninger. Alitumiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Si mtu mbaya, ni mtu mwenye tarehe ya sherehe. Alisikiliza yote. Akasema kampuni haijawahi kuficha, kwamba kwenye korido ya makumbusho kuna ubao unaosema wazi kuwa wakati wa vita watu elfu moja mia tisa na kumi na wawili kutoka nje walifanyishwa kazi hapa kwa lazima.

"Naujua ubao huo," akasema Lore. "Upo karibu na choo. Lakini namba haikushona kile kiti, Bwana Daktari. Alishona Motria Limar."

Daktari akaeleza, kwa upole, kwamba fundo la Mzee lipo ukurasa wa tisa wa kitabu, na picha yake. Kwamba wageni wanatoka nchi arobaini. Kwamba ngozi ya zamani itahifadhiwa vizuri ndani ya sanduku, na baada ya sherehe jambo hili litachunguzwa na watu wanaohusika. Kisha akasema neno ambalo nadhani hadi leo analijutia. "Wewe shona tu, Bibi Gaiser. Mengine tuachie sisi."

Lore akanywa kahawa ikaisha, kwa sababu kwetu hakimwagwi kitu. Ndipo akasema anachotaka. Ngozi ya zamani iwekwe kando ya gari, imepinduliwa, herufi zionekane. Jina la msichana liandikwe, na fundo liandikwe ni lake.

"Sigomi," akasema. "Nitafika kazini kila siku kwa saa zake. Ila mikono hii haitafunga fundo la mtu mpaka mwenyewe atajwe."

Na kweli alifika. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi alivaa aproni, akawasha taa ya meza, akaweka mikono mapajani, akatulia. Saa tatu alikula mkate wake wa soseji ya maini, akakunja karatasi vizuri kwa matumizi ya kesho, akarudisha mikono mapajani. Siku ya pili watu walianza kupita mlangoni kwa visingizio. Siku ya tatu muuza nyama aliniuliza kama Lore amepigwa kiharusi. Siku ya nne akaja mchungaji, akamuuliza anafanya nini, naye akajibu anapumzika. Mchungaji akamuuliza anapumzikaje kazini. Lore akamwambia ndicho kinachomchosha. Jumamosi ilikuwa zamu yake ya ngazi, na nimeambiwa alizifagia mara tatu, kwa hasira.

Usidhani ilikuwa rahisi kwake. Mimi nilikaa mbele yake nikipigilia sponji na kukata ngozi za viti vya mbele, na niliona kidole gumba chake cha kulia kikitembea chenyewe juu ya aproni, kinatafuta sindano.

Jioni ya siku ya sita Daktari Wenninger akaniita mimi. Akasema na mimi najua mshono ule. Nikasema najua. Halafu akaniuliza, "Sabine hajambo?" Sabine ni binti yangu, anafanya kazi ofisi ya mauzo ya kampuni. Hakuongeza neno. Labda aliuliza kwa wema tu, sijui, lakini mimi nilisikia nilichosikia. Nikasema nitashona. Silipambi jambo hili: niliogopa.

Asubuhi nikavuta kile kiti upande wangu na kutia uzi kwenye sindano. Nilingoja anitukane. Lore aliitazama kazi, akaisogeza taa yake karibu nami, akaigeuza ili kivuli cha mkono wangu kisianguke juu ya mshono.

"Ngozi ya kushoto imekaza kidogo," akasema. "Ianze taratibu."

Afadhali angenizaba kibao. Nilishona siku ile yote na nusu ya siku iliyofuata, na ilikuwa kazi nzuri, naomba isemwe hivyo. Nikafika mwisho. Uzi ukabaki mkononi, urefu wa kiganja, tayari kwa fundo. Nimelifunga fundo lile mara elfu nyingi, nikizungumza, nikitafuna, nikiwaza mambo mengine. Nisiseme mkono ulikataa. Mkono hauna akili. Nilikataa mimi. Nikachomeka sindano kwenye mto wake, nikaweka mikono mapajani.

"Umechelewa," akasema Lore. Akanisogezea nusu ya mkate wake.

Siku ya tisa, saa tatu, kengele ya chai ilipolia, wakaja wanawake kumi na wanne na wanaume watano kutoka karakana ya sasa, wale wa mashine. Hakuna aliyewapanga. Wakakaa juu ya masanduku na marobota ya sponji, mikono mapajani, hawakula wala kuongea, dakika kumi na tano nzima. Kengele ikalia tena, wakarudi kazini kwa sababu kazi ni kazi. Lakini kiwanda kizima kilikuwa kimeshajua, na kabla ya mchana Daktari Wenninger akateremka mwenyewe.

Alikuja na hotuba, niliona kinywani mwake. Lore hakumpa nafasi. "Nipe kidole chako, Bwana Daktari," akasema, na Daktari, sijui kwa nini, akampa. Akamteremsha ghalani kwa kidole kile, mimi nikafuata nyuma. Akakiingiza chini ya ngozi ya kiti cha 1939, akamwacha apapase. Kisha tukarudi juu kwenye ngozi ya 1943, ambapo kulibaki fundo la upande wa pili ambalo Lore hakulifumua. Kisha tena chini, cha 1951. Daktari alirudia mzunguko ule mara tatu, mara ya mwisho peke yake, akipanda na kushuka ngazi kwa haraka. Mwishoni akakaa juu ya sanduku na suruali yake iliyopigwa pasi. Nilimwona akiacha kuwa mtu wa sherehe na kuwa tena mtu aliyesoma historia kwa sababu aliipenda.

"Ukurasa wa tisa," akasema.

"Utachapwa upya," akasema Lore.

Daktari akakitazama kidole chake. "Utachapwa upya," akasema.

Lore alisema fundo atalifunga siku atakapoona ukurasa kwa macho yake. Mshono wangu ukakaa wazi wiki nyingi, umebanwa kwa kibanio, na hakuna aliyeruhusiwa kuukalia.

Katikati ya hayo Oksana alikuwa ameandika barua kwa ofisi ya kijiji cha Verbivka. Lore hakutarajia jibu. Alitaka tu kujua kama kuna kaburi, na kama lina mtu wa kulifagia. Mwisho wa mwezi wa tano bahasha ikaja. Motria Limar alikuwa hai, ana miaka sabini na mitano, anafuga bata.

Oksana akatusomea karakanani, Lore, mimi na Daktari Wenninger, ambaye alikuwa ameleta ukurasa mpya wa tisa, bado unanuka wino. Motria aliandika kwamba alifikishwa Neckarhalden msimu wa baridi, kwamba alikuwa na njaa kila siku ya Mungu na hataki kuyaeleza zaidi kwa sababu ameyaeleza kwa wanawe na yanatosha. Kuhusu fundo, alishangaa mtu analiuliza. Baba yake alikuwa fundi wa hatamu za farasi, na fundo lile alilitumia kufungia magunia ya nafaka, kwa sababu ukivuta linaachia lote mara moja.

Oksana akasita. Lore akamwambia aendelee.

"'Nililifunga kwa makusudi,'" akasoma Oksana. "'Niliambiwa magari yale ni ya wakubwa wa vita. Nilitaka mmoja wao akikaa, kiti kimfumukie chini yake barabarani. Viti vyote nilivyopewa nilivifunga hivyo. Mwanamke mmoja wa kwenu, Emma, aliyekaa meza ya pili, aliona. Nikajua nimekufa. Hakusema kitu. Kesho yake na yeye akaanza kufunga kama mimi. Siwahitaji mnipe chochote, na safari siiwezi. Niambieni tu jambo moja, maana nimejiuliza maisha yangu yote. Vilifumuka vingapi?'"

Oksana akaiweka barua mezani. Kwenye kamba ya gunia, fundo lile linaachia, ni kweli. Kwenye ngozi nene na uzi wenye nta, linauma na kung'ang'ania. Sisi tulijua hivyo tangu utoto wetu wa kazi, na msichana yule hakujua. Emma mkavu naye hakujua, mpaka viti vilipokataa kurudi na kasoro. Akaishi na fundo lile miaka mingine ishirini na minane, akatufundisha sisi, akalitia jina la Mzee. Mimi nadhani alitaka lisalimike. Angesema limetoka wapi, lingefumuliwa siku hiyohiyo.

Lore alianza kucheka. Sijawahi kumwona anacheka vile; alicheka mpaka akashika meza, mpaka akafuta macho kwa aproni, na akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kuisha. Daktari Wenninger, mweupe kama karatasi yake, akauliza kwa sauti ndogo kama na hilo nalo ni lazima liandikwe.

"Ukurasa wa tisa," akasema Lore. "Wote."

Daktari akauchukua ukurasa wake mpya kutoka mezani, akaukunja, akautia mfukoni. Tukajua anakwenda kuuandika tena. Wiki mbili baadaye akauleta, Lore akausoma mara mbili kwa miwani. Siku hiyohiyo akamwandikia Motria, na akanionyesha barua kabla ya kumpa Oksana aitafsiri, niangalie kama kuna makosa. Ilikuwa fupi. "Hata kimoja, Motria. Utusamehe. Mimi mwenyewe nilijaribu kukifumua kimoja kikanichukua asubuhi nzima. Lakini ujue kwamba miaka hamsini na tisa wakubwa wa dunia hii wamekuwa wakiikalia hasira yako, na wanaisifu."

Kisha akavaa aproni, akawasha taa, akavuta kiti upande wake. Kabla ya kukifunga akainua ukingo wa ngozi mpya na kuandika kwa chaki. Nikainama nione. Aliandika jina la Motria Limar kwanza, chini yake la Emma Bäuerle, chini yake la kwake. Akanisukumia chaki.

"Andika," akasema. "Na safari hii andika lako. Lile gari la kijani lilirudi kutengenezwa mwaka 1977, na nililifungua mimi."